Mapengo Tuliyoyaziba

Nianze na kosa langu kabla mtu mwingine hajalisema, maana huku Kanja mtu mwenye pikipiki hana siri. Jumanne ile, kama saa nne asubuhi, nilipita barabara ya juu na mtungi wangu wa mbegu za fahali umefungwa nyuma ya kiti, nikasikia ng'ombe wa Celina analia kule chini. Haikuwa kulia kwa kawaida. Alikuwa anavuta sauti ndefu, anapumzika, anaanza tena. Pale kwa kibanda cha maziwa wanaume watatu walikuwa wameegemea mikebe. Nikapunguza mwendo nikawaambia, "Huyo anatafuta bwana. Mwambieni Celina asinipigie kabla sijakunywa chai." Wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikabadilisha gia, nikaenda.

Ng'ombe hakuwa anatafuta bwana. Alikuwa hajakamuliwa tangu Jumapili jioni. Na Celina, ambaye nilikuwa nangoja anipigie, alikuwa amelala sakafuni jikoni kwake, mkono wa kulia hauna uhai, mdomo umevutwa kando, anasikia pikipiki yangu ikipita. Najua aliisikia kwa sababu bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka, na hata waliozikwa Kanja wanaijua.

Mimi ni Riungu. Nina diploma ya afya ya mifugo, watu wananiita Daktari, na sijawahi kuwakataza.

Ili ueleweke ubaya wa kosa lenyewe, lazima nikuonyeshe mashamba yetu. Ni vipande virefu vyembamba, kila kimoja kinaanza barabarani juu na kuishia mtoni chini, na nyumba ziko katikati. Kati ya shamba na shamba kuna ua wa michongoma, miiba mirefu kama sindano ya magunia. Zamani kila ua ulikuwa na pengo, upana wa mwanamke na mzigo wake wa kuni. Asubuhi mwanamke ambaye moto wake umezimika usiku alikuwa anatoka nje, anaangalia ni paa la nani linatoa moshi, anapita kwa pengo kuomba kaa. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hata viberiti vilipofika dukani waliendelea kuomba moto, na waume zao wakawa wanalalamika kwamba kaa moja linachukua saa nzima kuletwa.

Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia mtaa wa ng'ambo ya mto. Nilienda kule nikaona ng'ombe wamesimama mate yanawaning'inia, kwato zinabanduka. Ugonjwa ulikuwa unatembea kwa nyayo za watu, unapita kwa yale yale mapengo. Nikarudi nikaita mkutano, nikawaambia tuzibe. Nyumba arobaini na mbili, mapengo zaidi ya sitini. Tulipanda michongoma mipya wiki moja, na mbele tukaweka matawi yaliyokaushwa. Mtaani kwetu hakufa ng'ombe hata mmoja. Naomba hilo nalo likumbukwe.

Halafu nikaona nimalize kazi vizuri. Simu ya mkononi wakati huo ilikuwa bado ni kitu cha kuvaa shingoni na kamba, lakini karibu kila nyumba ilikuwa nayo moja. Nikachora gurudumu la baiskeli kwa karatasi ya manila. Kwa ukingo, nyumba zote. Katikati, Celina. Mtu akiwa na jambo, mgonjwa, mgeni, msiba, ng'ombe amekwama, anamfulashi Celina, yaani inalia mara moja anakata, na Celina anampigia na kredo tuliyochanga kama kikundi, halafu anawaambia wanaohusika. Hakuna haja ya kuzunguka zunguka kwa watu na matope.

Hatukumchagua Celina kwa bahati. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili, mtoto wake Njagi yuko Timau kwa shamba la maua, na kichwa chake kilikuwa kinaweka kila kitu. Namba zote alizijua bila kuandika. Alijua mtoto wa nani amerudishwa nyumbani na shule, na ng'ombe wa nani atazaa wiki gani, wakati mwingine kuniliko mimi niliyempandisha. Habari ambayo ilikuwa inachukua siku nzima kufika mtoni ikawa inachukua dakika tano. Nilijipiga kifua hadi kikaniuma.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza swali siku niliyoonyesha ile manila mkutanoni. Ciakuthii, jirani wa Celina, ua mmoja tu katikati yao, mzee kidogo kumliko, hana simu. Alisimama akauliza, "Na mimi moto nitaomba wapi?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mimi nikatoa kiberiti mfukoni, kipya, nikapita katikati ya watu nikamwekea mkononi kama mjukuu kwa nyanya yake. "Cucu, hiki hapa. Serikali imekufikia." Wakacheka zaidi. Aliketi akakiangalia kile kiberiti.

Celina alianguka Jumatatu alfajiri, kabla hajatoka kukamua. Hakuna aliyemwona, lakini tulikuta ndoo imelala kando ya mlango na kiatu kimoja karibu na jiko. Simu yake ilikuwa juu ya rafu, kwa kopo la chumvi, mahali ambapo mtandao ulikuwa unashika vizuri. Kutoka sakafuni mkono ungefika kama angeweza kuketi. Hakuweza kuketi.

Saa moja ikalia. Ilikuwa karani wa maziwa, anauliza mbona leo hajaleta. Ikalia saa mbili, saa tatu. Mtu anataka kujua lori la majani chai litafika saa ngapi. Mtu mke wake ameshikwa na uchungu. Kila mmoja alipiga, hakujibiwa, akajiambia Celina yuko kwa mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, kuwa kwa mwingine. Jioni wakasema hana kredo. Jumanne wakasema simu imeharibika, tena kwa hasira, kwa sababu lori lilikuwa limekuja na kuondoka na majani ya watu yamelala. Kuna aliyesema kazi ya kuongelea watu imemfanya aringe. Watu wazima nyumba arobaini na moja, kila mmoja alikuwa anajua kitu kimoja, kwamba yeye hakujibiwa. Hakuna aliyejua kwamba hakuna aliyejibiwa. Wa kuwaambia hivyo alikuwa Celina.

Mwenzangu, hilo jambo limenitoa usingizi kuliko mengine yote.

Timau ni mbali, baridi yake inaingia mpaka kwa meno. Njagi alikuwa anafunga waridi kwa chumba cha kupakia, mashina ishirini kwa fungu moja, na kila Jumatatu saa ya chakula alikuwa anampigia mama yake. Siku ile simu ikalia mpaka ikakata. Akapiga jioni. Akapiga Jumanne mara tisa. Halafu akafungua simu yake atafute mtu mwingine wa Kanja ampigie. Hakukuwa na mtu. Alikuwa amezaliwa kule, amekula kwa zile nyumba zote, amechapwa na nusu ya wale wamama, na hakuwa na namba ya hata mmoja. Ya kazi gani, na mama yuko?

Akaenda kwa msimamizi wake kuomba ruhusa. Msimamizi, mtu mnene wa kupenda wasikilizaji, akamuuliza mbele ya meza zote ana shida gani.

"Mama hashiki simu."

"Hata mimi bibi yangu hashiki yangu. Niende nyumbani?"

Wasichana wa kufunga maua wakainama kuficha vicheko. Njagi alisimama pale pale. Msimamizi akampa fomu ya dharura aijaze. Kulikuwa na mstari wa kuandika namba ya mtu wa nyumbani anayeweza kuthibitisha. Njagi akaandika namba moja aliyokuwa nayo, ya mama yake. Msimamizi akaipiga hapo hapo, akasikiliza, akamrudishia fomu.

"Hakuna mtu," akasema. "Rudi kwa maua."

Jumatano kabla ya jua Njagi aliacha aproni yake juu ya meza, akatoka geti la nyuma. Hiyo kazi hakuipata tena.

Alifika nyumbani saa saba mchana. Ng'ombe alikuwa ameacha kulia, kiwele kimevimba kinang'aa. Jikoni mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Mama yake alikuwa amelalia upande wake wa kulia, macho wazi, midomo imepasuka. Alipomwona mtoto wake alijaribu kusema, na kilichotoka Njagi hakukielewa wakati huo. Alimpa maji kwa kijiko. Halafu akachukua simu kwa rafu aite watu.

Ilikuwa imeandika simu sitini na tatu ambazo hazikushikwa. Zake zilikuwa kumi na moja. Akaanza na wa kwanza kwa orodha.

"Celina," mtu akasema kabla Njagi hajafungua mdomo, "si umetutesa. Sasa sikiza, ile mbolea..."

Akakata, akapiga kwa wa pili. Huyu alikuwa na habari ya mke wake: amezaa salama, mtoto ni msichana, Celina awaambie watu. Wa tatu alikuwa anataka jembe lake. Njagi anasema aliongea na watu watano kabla hajapata mmoja wa kumsikiliza, na huyo mmoja, baada ya kusikiliza, akamwambia, "Pole sana. Ngoja nimwambie Celina awaite wengine."

Huyo alikuwa mimi.

Hospitalini, siku ya tisa, tulipata msichana wa kufundisha viungo, mfupi, mkali, hana wakati wa kupoteza na watu wa diploma. Nilimuuliza kama maneno yatarudi. Alichora kwa nyuma ya karatasi ya dawa. Alisema barabara moja kubwa kwa kichwa imekufa, na maneno yaliyopita hapo yamekufa nayo. Lakini kando kando kuna vijia vidogo, hivyo vinaweza kufundishwa kubeba kidogo kidogo. Shida ni kwamba kijia kisichopitwa kinaota nyasi. "Kwa hivyo aongeleshwe," akasema. "Na watu wengi. Sio mtu mmoja. Kila siku."

Niliomba ile karatasi.

Celina alikuwa amebaki na sentensi moja. Ukimsalimia, aliisema. Ukimpa uji, aliisema. Muuguzi alidhani anasikia baridi, akamwongezea blanketi. Aliisema kwa Kiembu, polepole, na mimi nakuandikia kwa Kiswahili:

"Niletee moto."

Nilienda kwa Ciakuthii Jumapili iliyofuata. Kutoka jikoni kwake hadi jikoni kwa Celina ni hatua thelathini, na katikati ni ile michongoma yangu, imenenepa vizuri. Kwa njia ya geti ni kupanda hadi barabarani na kushuka tena, robo saa kwa mtu mwenye magoti, na Ciakuthii hana magoti. Alikuwa anachambua maharagwe. Mtoto wake Ngari alikuwa ameketi kwa kizingiti, mtu mzima wa miaka arobaini, anaangalia chini.

Ciakuthii alianza mwenyewe.

"Nilisikia Jumatatu asubuhi," akasema. "Sauti kutoka huko. Nzito, kama ya mtu ana mchanga kwa mdomo. Inasema Ciaku, niletee moto."

"Ulijua ni Celina?"

"Celina anaongea namna hiyo? Na nani anaomba moto siku hizi, Daktari? Wewe ulitupatia viberiti." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Nilijua ni mama mkwe wake. Yule tulizika mwaka wa njaa. Ndiye alikuwa ananiita hivyo, hapo hapo kwa pengo, kila asubuhi. Na aliyekufa akikuita huitiki. Ukiitika umekubali. Nikafunga mlango."

Ngari akasema bila kuinua macho, "Aliniambia jioni. Aliniambia kwa Celina kuna kitu kinaita."

"Ukafanya nini?"

"Kile ulitufundisha. Nikampigia Celina nimwambie."

"Halafu?"

"Ikalia," akasema. "Tuliisikia inalia kule ng'ambo ya ua. Mama akasema, hiyo ni yake inalia. Tukasema sawa, basi ako. Ameshajua."

Ciakuthii aliweka ungo chini. Alisema sauti iliita Jumatatu, ikaita Jumanne, na Jumatano asubuhi ikaita bila jina lake, maneno tu. Kila mara alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amejifunika mdomo na leso asije akaitika kwa bahati mbaya. Halafu akaingia ndani, akarudi na kitu ngumi imekifunga, akanipa. Kilikuwa kile kiberiti. Karatasi yake ya juu haikuwa imechanwa.

"Chukua," akasema. "Sikuwahi kukiwasha."

Mkutano uliitwa mwezi wa pili baada ya Celina kurudi nyumbani. Tulikutana kwake, kwa sababu ilionekana ni heshima. Njagi alimtoa nje akamweka kwa kiti cha plastiki, mto nyuma ya mgongo, uso umeelekea ua wa kwa Ciakuthii. Watu walikuwa wengi kuliko mkutano wowote. Walileta ndizi, walileta sukari, wakamshika mkono wa kushoto mmoja mmoja na kumwambia anaonekana vizuri. Kila mmoja alipomshika mkono alisema ile sentensi yake, na kila mmoja akasema, "Ndio, Cucu," akasonga mbele. Walikuwa wameshasikia kwa Ngari inatoka wapi.

Mwenyekiti akafungua kwa maombi, halafu akasema jambo ni moja: kikundi hakiwezi kukaa bila mtu wa simu. Akapendekeza Kanana, mwalimu wa nasari, msichana mwerevu mwenye simu ya kupiga picha. Kanana akasimama watu wamwone. Wakapiga makofi. Mtu akaleta ile manila yangu, walikuwa wameitunza imekunjwa kwa sanduku la kanisa, na mwenyekiti akaomba kalamu abadilishe jina la katikati.

Nikasimama. Nilikuwa nimekuja na panga, limelala chini ya kiti changu kwa gunia. Nikawaambia sina ubaya na Kanana, lakini siku Kanana atakapoanguka tutakuwa hapa tena. Nikasema tufungue mapengo, sio yote, mawili kwa kila nyumba, na kila asubuhi mtu aone kwa macho yake majirani wawili. Niliomba mmoja tu aanze leo, tutoke hapa pamoja twende tukate kwake. Nikasema makosa yalikuwa yangu, na hata yale ya kucheka ng'ombe nikayasema.

Njagi alikuwa ameshasimama. Ngari aliongea bila ubaya.

"Daktari, na ule ugonjwa ukirudi?"

Ng'ombe thelathini wa ng'ambo ya mto nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakizikwa kwa shimo moja. Ni mimi nilikuwa nimewafundisha hawa watu kuogopa nyayo za jirani, na niliwafundisha vizuri. Nikasema tungeweka maji ya dawa ya kukanyaga. Mwanamke mmoja nyuma akauliza nani atanunua dawa. Mwingine akasema michongoma yake imemgharimu miaka miwili. Simu ya mtu ikalia, na watu wote, wote, wakagusa mifuko yao.

Hapo ndipo Celina akaongea. Hakutuangalia. Alikuwa anaangalia mahali palipokuwa pengo, ambapo miche yangu sasa ilikuwa imepita kichwa cha mtu. Sauti yake ilikuwa imepata nguvu kidogo tangu hospitalini, ilikuwa inafika.

"Ciaku," akasema. "Niletee moto."

Ciakuthii alikuwa ameketi mstari wa mbele, hatua nne kutoka kwa kile kiti. Niliona mkono wake unapanda na leso hadi mdomoni. Ngari alikuwa anachimba udongo na kidole cha mguu. Mwenyekiti alishika kalamu juu ya manila bila kuandika. Mimi nilikuwa nimesimama, kiberiti kiko mfukoni mwangu na nimekishika, nasikia njiti zikicheza ndani.

Tulikuwa watu kama themanini pale.

"Niletee moto," Celina akasema tena.